Kitone

Picha yenyewe naikumbuka kabla sijajua kuwa ni picha:
kalenda ya duka la televisheni, Matrah,
mwaka ambao baba alinunua ile ya miguu minne
tukaambiwa tusiguse kioo.
Bi Shinuna bint Mahfudh, mtangazaji,
shela limerudi nyuma vidole viwili,
mdomo umefunguka kidogo
kama anayetaka kutusomea habari za saa mbili.
Bibi yangu alikuwa akimwitikia salamu.
Waalaykumu salaam, mwanangu.
Na siku Bi Shinuna alipopiga chafya hewani,
bibi, kutoka mkekani: Afya!

Uso ule ulikwenda kila mahali bila miguu.
Makopo ya maziwa. Viberiti.
Mfuko wa mchele uliofumuliwa ukawa zulia la jikoni,
tukamkanyaga tukienda kuchota maji
na hakuna aliyeona haya.

Sasa nina karakana Wadi Kabiri,
kati ya fundi wa radieta na dobi,
na Shaji wa Kerala ndiye anishikiaye fremu.
Nimemkuza Bi Shinuna hadi ukuta umembana.
Ukisogea karibu hakuna jicho, hakuna pua:
vitone, vitone,
mtama uliomwagika sakafuni.
Rudi nyuma hatua saba, anakutazama.

Nikampaka. Mashavu, zafarani ya halua.
Kope, buluu ya matangi ya maji juu ya mapaa.
Mdomo kijani, kile cha soda
watoto wanachoteremshia mkate wa chipsi.
Mara tisa.
Raba ikivuta wino juu ya hariri
hutoa sauti ya mtu anayechana doti mpya ya kanga.
Shaji akauliza: Dada, huyu ni nani?
Nikasema: Ni mtu maarufu.
Akasema: Sikuuliza kazi yake.

Usiku wa ufunguzi watu walipiga picha ya picha,
kisha wakajipiga wao, migongo kwa picha.
Bwana mmoja kutoka Doha alitaka wanne
wanaokwenda na makochi yake.

Ndipo akaingia ajuza,
viatu vya wagonjwa wa sukari, mjukuu kamshika kiwiko.
Akasimama. Chai ingechemka, ikapoa, ikachemshwa tena.
Hatimaye, kwa Kiunguja kilekile cha saa mbili usiku:

"Hapa," akagusa chini ya jicho la kushoto,
"nilizaliwa na doa. Mpiga picha alilifuta kwa brashi,
akasema kamera haipendi uchafu.
Nyumbani naitwa Kidoa.
Shinuna ni wa kwenye kioo.
Vitone vyote hivi umevipanga, mwanangu,
kimoja changu mimi ndicho kilichokosa nafasi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na glasi ya juisi.
Akafungua mkoba, akatoa wanja.
Mlinzi akainuka: Mama, mama, usiguse!
Alikwishachagua: wa saba,
yule ambaye Shaji alipiga chafya fremu ikateleza,
ana pua mbili, nilitaka kumtupa.
Akamtia kitone. Kimoja. Akapuliza.
"Hao wanane," akasema, "ni wa dukani."
Akaomba kiti.

Wanane wameuzwa.
Wa saba ninaye karakanani, juu ya sinki.
Wanja haukauki. Nikipangusa vumbi
napita kandokando yake kwa ncha ya kitambaa,
kama anayefagia chumba na mgeni bado kalala.

Shaji akipita na ndoo ya wino humwamkia, kwa jina.
Mimi bado naona haya.